Mafuta Niliyoyatupa Kwenye Ndoo

Nyinyi wauguzi wapya mmeniomba niwaandikie namna ya kuhesabu pamba na vyuma kabla ya kufunga tumbo la mgonjwa. Hilo mtafundishwa na waliopo kazini, tena wana fomu nzuri kuliko zetu. Mimi nimestaafu, magoti yananisumbua, na nikikaa barazani kwangu hapa Rasbura kinachonijia kichwani si pamba. Ni mafuta. Nasema mafuta ya binadamu, yale ya manjano yaliyo chini ya ngozi. Kwa zaidi ya miaka thelathini ya kuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji niliyasogeza, niliyafuta, niliyalaani kimoyomoyo, na yaliyokatika niliyatupa kwenye ndoo bila kuyaangalia mara mbili.

Nataka nyinyi myaangalie. Kutoyaangalia kulikaribia kuniondolea mtu niliyempenda kuliko wote nje ya nyumba yangu, naye ni somo wangu, Bi Asumini wa Mtanda. Kwa mliokuja kazini kutoka mikoa ya mbali, somo ni mama anayekabidhiwa msichana anapovunja ungo, akamwogesha, akamfunda, akamtoa mbele za watu akiwa mtu mzima. Ukishakuwa mwali wake, basi ni mwali wake mpaka mmoja wenu azikwe. Mimi nina wajukuu, lakini mbele ya Bi Asumini hadi leo nakaa chini mkekani, yeye anakaa kitini.

Nianze na aliyenifundisha kazi. Mzee Mnali alikuwa msimamizi wa chumba cha upasuaji nilipopelekwa pale nikiwa bado natetemeka. Mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Kuhusu mafuta alinifundisha mambo ambayo nawakabidhi kama yalivyo. Msiyaunguze sana na mashine ya kuzuia damu, maana mafuta yaliyoungua yanayeyuka, na siku ya tano jeraha litaanza kutoa maji. Msiache uwazi chini ya ngozi mnaposhona, usaha unapenda chumba kitupu. Msiyavute kwa hasira, yanakatika na kuvuja damu mahali msipopaona. Osheni na maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, si ya baridi. Yote hayo ni kweli mpaka kesho.

Halafu aliongeza la mwisho, na hili ndilo nililolishika kuliko yote, kwa sababu lilinichekesha. Alisema mafuta hayana kazi yoyote mwilini ila kumchelewesha muuguzi chakula chake cha mchana. Tulicheka chumba kizima, pamoja na mgonjwa aliyekuwa amechomwa sindano ya mgongo na anatusikia. Mzee wa watu alikuwa anasema alichofundishwa. Wakati ule hata vitabu vyetu vilisema mafuta ni ghala, blanketi na godoro, basi.

Mnisamehe nikiruka huku na huku, ndivyo kumbukumbu zinavyokuja. Kuna jambo la makopo. Mkikata kinyama cha kupelekwa kupimwa, hakikisheni kopo lina mdomo mpana. Mimi nilisukuma kinyama laini kwenye chupa ya mdomo mwembamba, nikamimina fomalini ya kukihifadhi, nikafunga, nikajisifu. Kilipofika kwenye maabara kubwa kilikuwa kimekakamaa, hakitoki. Wakaivunja chupa, wakaniandikia barua ya maneno mazuri sana, yale maneno mazuri ambayo ukiyasoma unatafuta pa kuficha uso. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilibandika majina ya akina mama wawili kwenye vifuniko badala ya kwenye makopo, vifuniko vikabadilishana mezani, na ikabidi wote wawili waitwe warudi wakatwe upya. Mmoja alitoka na mume wake kijijini kwa baiskeli, na jeraha la kwanza halijapona. Alinisalimia vizuri, hakunilaumu, na mpaka leo sijalisahau hilo. Jina linaandikwa ubavuni mwa kopo, kwa penseli, kabla kinyama hakijaingia.

Sasa turudi nyuma kabisa, kabla ya chumba cha upasuaji. Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ya kijijini, upande wa Mtama. Mwaka wangu wa pili pale mvua zilikuwa mbaya, na ile miezi ya kusubiri mavuno, pesa ya korosho imekwisha na mahindi bado mabichi, watu walikonda sana. Wakaanza kuja wasichana na wake vijana, mmoja mmoja, wakiona haya, wakisema hawaoni siku zao. Mimi na ujana wangu na kofia yangu nyeupe nikajua jibu bila kupima. Nikawahutubia juu ya mimba. Mmoja nilimwambia mbele ya mama yake, na yule mama akakaa chini akalia. Msichana akaapa kwamba hajaguswa na mtu. Sikumwamini.

Mavuno yakaingia. Watu wakala, mashavu yakarudi, na siku za wale wasichana zikarudi pia, kwa wote karibu kwa pamoja. Yule niliyemshuku hakuwa na mimba yoyote. Nilikwenda kwao kuomba radhi, mama yake akanipa kuku. Nikasema moyoni kuwa Mungu ana mambo yake, nikarudi zahanati kuendelea na kazi. Sikujiuliza mwili ulijuaje kwamba chakula kimepatikana.

Jibu nililipata zaidi ya miaka ishirini na tano baadaye, kutoka kwa mtu ambaye wakati wa njaa ile alikuwa hajazaliwa.

Daktari Rehema alitujia akiwa mdogo kama nyinyi, kutoka Dar es Salaam, mwembamba, mwenye kuongea haraka na kuniita mama mpaka mbele ya wagonjwa. Tulikuwa tumemaliza kumtoa mama mmoja mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mama yule alikuwa mnene na kazi ilikuwa ndefu, nami nikarusha mzaha wa Mzee Mnali juu ya chakula cha mchana. Wengine wakacheka. Daktari hakucheka. Aliniomba nisiimwage ndoo kwanza. Akachukua kipande cha mafuta kwa koleo, akakiweka chini ya taa, akaniita nikisogelee. Kilikuwa kinang'aa, na ndani yake mmepita vijishipa vya damu vyembamba kuliko uzi wa kushonea jicho.

"Mama, hiki ni kiungo," akasema. "Kinaongea kuliko mimi."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia anieleze tukinywa chai, na chai ile ilipoa yote. Aliniambia kwamba kila chembe ya mafuta inatengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu, kama zifanyavyo tezi tulizosoma chuoni. Mojawapo inaitwa leptini. Hiyo inasafiri hadi kwenye ubongo kuueleza akiba ni kiasi gani. Akiba ikishuka sana ujumbe unakuwa hafifu, na ubongo unaamua kwamba huu si wakati wa kuleta mtoto duniani, unaufunga mlango wa hedhi mpaka chakula kirudi.

Nilikiweka kikombe chini. Niliwaona wale wasichana wa Mtama wote, wamejipanga kwenye benchi langu. Mafuta yao machache yaliyobaki yalikuwa yanawalinda wasibebe mimba ambayo wasingeiweza, na mimi muuguzi niliwaita waongo. Nilisema subhanallah kwa sauti, mpaka mpishi wa hospitali akageuka.

Nikataka zaidi. Kila siku baada ya kazi nikawa namganda yule binti kama mtoto anayetaka hadithi. Akanieleza kwamba mafuta yakizidi mno, leptini inakuwa nyingi hata ubongo unaacha kuisikia, na mtu anaona njaa huku ghala limefurika. Akanieleza homoni nyingine, adiponektini, inayotuliza mwili na kuisaidia insulini kuingiza sukari mahali pake. Utadhani mafuta yakiongezeka nayo itaongezeka, kumbe inapungua. Akaniambia chembe za mafuta zikijaa kupita kiasi nyingine zinakufa, na askari wa mwili, wale wanaopigana na usaha kwenye kidonda, wanaingia kusafisha. Wakishaingia hawatoki. Wanakaa humo wakichochea moto mdogo usiotoa homa, mwaka baada ya mwaka, na moto huo unasumbua mishipa, unaharibu kazi ya insulini, na unazipa chembe zenye tabia mbaya mahali pa kukulia. Ndiyo maana kisukari na saratani kadhaa huwafuata zaidi watu wenye mafuta mengi, hasa ya tumboni. Hakusema kila mnene ataugua, wala kwamba mwembamba amesalimika. Alisema hilo mara mbili, nami nalirudia kwenu ili msije mkawanyooshea wagonjwa vidole.

Kisha akanieleza jambo ambalo kama ningelijua mapema ningejiokolea machozi. Mwanamke akikoma hedhi, mifuko yake ya mayai inastaafu. Mafuta hayastaafu. Yanaendelea kutengeneza homoni ya kike, estrojeni, kidogo kidogo, na kadiri mafuta yalivyo mengi ndivyo nayo inavyokuwa nyingi. Wakati wa ujana kuna homoni nyingine inayoiambia estrojeni imetosha. Uzeeni hiyo haipo tena. Basi ukuta wa ndani wa kizazi unaambiwa ukue, ukue, na hakuna wa kuuambia uache. Siku moja unatoa damu. Na wakati mwingine, katika kukua huko, chembe zake zinageuka saratani.

Nilishangaa jinsi mwanamke mzee anavyoweza kuwa na kiwanda cha ujana chini ya ngozi na asijue. Nilikwenda nyumbani nimejaa ajabu hiyo, nikamsimulia mume wangu mpaka akalala. Na amini msiamini, bado sikumkumbuka Bi Asumini.

Sasa niwaeleze nilichokuwa nimekifanya. Miezi mingi kabla ya mazungumzo yale kulikuwa na harusi hapa Rasbura, na mimi na somo wangu tulikuwa jikoni uani, kwenye sufuria za pilau. Bi Asumini ni mwanamke mkubwa. Akiingia mahali, mahali panajaa. Kwetu huo ulikuwa uzuri na heshima. Kumwambia mtu amenenepa ni kumsifu, na kumwambia amekonda ni kumpa pole. Umri wake ulikuwa umeshapita sitini. Akaniinamia sikioni, huku mkono unakoroga, akaniambia ile hali ya kike imemrudia baada ya miaka.

Mimi, muuguzi, nilicheka. Nikamwambia basi somo, ujana umerudi, tukutafutie mume. Akacheka naye mpaka akashika ukingo wa meza. Wanawake wengine wakauliza kuna nini, tukawaambia hayawahusu.

Msifikiri sikuwa nimesoma. Kitabu changu kilisema wazi kwamba damu baada ya kukoma hedhi lazima ichunguzwe, na wodini ningemkatalia mgonjwa yeyote kuondoka. Lakini pale jikoni sikuwa muuguzi. Nilikuwa mwali, na mwali hamhoji somo wake juu ya mwili wake. Yeye ndiye anayeuliza, wewe unajibu. Alichokuwa amefanya ni kuuvunja mwiko kidogo, kwa kunong'ona, akitaka nimsaidie kuuvunja wote, nami nikaufunga kwa mzaha. Nimelifikiria hili mara nyingi kuliko kosa lolote la chumba cha upasuaji, na sioni nafuu yake.

Ramadhani ikaja ikapita. Siku chache baada ya Idi, wiki zilezile nilizokuwa namganda Daktari Rehema, nilikwenda Mtanda na chupa ya maziwa na visheti kumsalimia. Nikapiga shikamoo, akaitikia marahaba, nikafungua bakuli. Akasema niweke, atakula magharibi, amefunga. Nikajua ni zile sita za sunna, nikamsifu. Akasema hapana, analipa siku zake za Ramadhani.

Mtu wa miaka sitini na zaidi, mzima, hajasafiri, hajalazwa, anadaiwa siku gani? Nilimwuliza ni ngapi. Akaangalia pembeni, akasema kumi na tatu.

Hapo nikaelewa. Siku zile alizoona damu alikuwa ameacha kufunga, akala kwa kujificha nyuma ya nyumba yake mwenyewe kama msichana, na sasa analipa. Mambo ya sheria ya damu ile waulizeni wenye elimu yao, mimi si mmoja wao. Nilichokiona mimi ni ukuta wa kizazi unaoambiwa ukue bila wa kuuzuia, tangu siku ya harusi, na mimi nimeketi mbele yake na visheti.

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, kwa haraka, machozi yananitoka, homoni zote nikazichanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba twende hospitali kesho yake. Akakataa, kwa utulivu kabisa, na sababu yake ikawa mimi.

"Mimi ndiye niliyekuogesha ulipovunja ungo," akasema. "Wewe utaniosha nikifa. Kabla ya siku hiyo huoni mwili wangu."

"Basi somo, siku hiyo unaiita ije mapema."

Hakuna mwali aliyewahi kumjibu vile. Nikaona niongeze methali aliyonifundisha mwenyewe, nikamwambia mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba yeye keshazaa sita na kazi hiyo ameimaliza. Ndivyo alivyo, hata kaburi likiwa mlangoni atakurudishia neno lako. Tulicheka wote wawili huku mimi bado nalia, na katika kicheko hicho nikapata upenyo. Nikamwahidi kwamba sitaingia chumbani. Atamwona Daktari Rehema peke yake, nami nitakaa nje ya mlango. Akauliza huyo daktari ni binti wa nani. Nikamwambia si wa hapa. Akasema afadhali.

Nilikaa nje ya ule mlango kwenye benchi la wagonjwa. Daktari alipotoka na kinyama nilimpa kopo la mdomo mpana, fomalini mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na jina ubavuni. Jina lile nililiandika kwa penseli, nikalisoma mara mbili. Kikasafirishwa. Tukasubiri wiki nyingi. Zamu zangu nilizifanya, ila sikumbuki mgonjwa hata mmoja wa wiki zile.

Majibu yalisema ni saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi. Daktari Rehema alinisomea ofisini kwake, kisha akashika mkono wangu, akaniambia ugonjwa huu una adabu moja, unatoa damu mapema, unapiga hodi. Tulichokuwa hatukijui ni muda gani umeshapotea tangu ulipopiga hodi. Alijua habari ya jikoni, nilimweleza mwenyewe. Hakunilaumu wala hakunifariji, na nilimshukuru kwa yote mawili.

Daktari bingwa wa akina mama alikuwa na safari ya kuja kwetu, na upasuaji ukapangwa siku zake. Nilijiondoa kwenye zamu ile, nikampa muuguzi kijana niliyemfundisha nafasi yangu, nikakaa chumba cha kusafishia vyombo ambako ningesikia bila kuona. Bi Asumini akapitishwa mbele ya mlango wangu juu ya kitanda cha magurudumu, amefunikwa shuka, bila kanga, bila ushungi, ana kofia ya karatasi tu. Wakamsogeza chini ya taa. Nikasikia sauti yake inauliza yuko wapi mwali wake.

Wakamwambia amejitoa, kama alivyotaka. Akasema, taratibu, wote tukamsikia:

"Nimewaza. Kama ni kuvuliwa nguo, anivue aliye wangu."

Mikono niliinawa huku maji na machozi yakichanganyika, jambo ambalo nyinyi msilifanye. Nilikwenda nikasimama upande wake wa kulia. Alikuwa bado macho. Aliniangalia usoni, mimi nikaangalia chini kwa mazoea, akaniambia niinue uso. Nikauinua, nikamtoa shuka.

Ngozi ilipokatwa, yakaja yale ya manjano, mengi, upana wa kiganja kizima na zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuyashikilia pembeni ili bingwa aone njia. Nimeyashika mafuta ya mamia ya watu, wala sikumbuki hata ya mmoja. Ya siku ile nayakumbuka. Nilifikiri, haya ndiyo yaliyompa damu isiyo ya wakati wake. Na haya haya ndiyo yaliyomlinda miaka ya njaa, yakamnyonyeshea watoto sita, yakauambia ubongo wake lini azae na lini apumzike. Yalikuwa ya uvuguvugu mikononi mwangu na yanang'aa chini ya taa, na hata pale kwenye meza, wakati sisi tunayakata, yalikuwa yanaendelea kupeleka habari zake mwilini. Sikuyalaani. Nilisoma bismillah nyuma ya barakoa na kuyashika kwa upole wote aliotaka Mzee Mnali, na wakati wa kufunga sikuacha uwazi hata wa punje ya mtama.

Kizazi kilipopimwa, saratani ilikuwa haijatoka nje ya ukuta wake. Nilipoambiwa nilikwenda stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya boksi la glavu.

Bi Asumini alipona. Jeraha lilitoa maji kidogo upande mmoja, nikaliosha kila siku mwenyewe, na kufikia wakati huo alikuwa ananiamrisha nigeuze shuka huku, nigeuze kule, kama mtu aliyezoea. Daktari akamwambia apunguze uzito polepole, atembee, apunguze wali na mafuta ya kula, sukari yake nayo ipimwe. Akajibu kwamba kilo zile si zake peke yake, ni heshima ya ukoo, itabidi kwanza aitishe kikao. Lakini asubuhi alianza kutembea, na mimi naye, hadi sokoni na kurudi. Kliniki alihudhuria bila kukosa.

Nilidhani habari imeishia hapo. Kwa mtu kama yeye, jambo la namna ile lingezikwa kati yetu watatu.

Siku hizi mabinti wanafundwa wakati wa likizo ya shule. Likizo iliyofuata Bi Asumini alikuwa na wasichana saba. Yaliyosemwa ndani siwezi kuwaandikia, hata mngenibembeleza. Lakini siku ya kuwatoa, wasichana walipokwisha kupambwa na kupelekwa kwa ndugu zao, aliwazuia mama zao, bibi zao na mashangazi waliokuwa uani pake, akasema bado kuna somo la wakubwa. Akaniita kutoka mkekani. Akaniambia nikae kitini, kando yake. Sikukaa. Akanivuta kanga, nikakaa.

Akawaeleza. Alisema kila kitu, kwa jina lake, kwa mwili wake. Damu iliyorudi, siku kumi na tatu za Ramadhani, kula kwa kujificha. Aliposema kwamba mafuta ya mwanamke hayastaafu, mama mmoja mwenye mwili kama wake, aliyekaa karibu na mlango, alicheka kuliko wote, akasema basi sisi wengine tuna kiwanda kizima. Uani pote watu wakavunjika mbavu. Bi Asumini akasubiri kicheko kipite. Kisha akanitaka nieleze niliyofundishwa na Daktari, na nikaeleza, taratibu safari hii. Nikasema si kila damu ya uzeeni ni saratani, mara nyingi siyo, lakini kila moja ipimwe, hata ikiwa tone, hata ikiwa mara moja. Nikawaambia pia nilivyocheka jikoni. Hilo halikuwamo kwenye niliyoagizwa, ila nilitaka lisemwe na mimi.

Watu wakala, wakaaga, wakatafuta viatu vyao mlangoni. Yule mama aliyecheka alikuwa bado anatafuta vyake wakati vyake ndivyo vilivyobaki peke yake. Niliinama nikamwonyesha. Hakuvivaa. Alinishika mkono, akanong'ona kwamba yeye damu hiyo ni mwaka wa pili sasa.

Sikucheka. Nilimvalisha viatu, kimoja kimoja, Bi Asumini akachukua ushungi wake msumarini, na watatu tukaenda hospitali mchana ule ule.